Pima Kwanza, Jina Baadaye: Kusoma Picha za Hadubini ya Elektroni za Viluwiluwi wa Ziwani

Duara. Ukingo mweusi, katikati peupe, limekaa ndani ya seli ya kiluwiluwi, na anayeitazama picha anauliza: hiki ni kitu gani? Swali hili ni la kila siku kwa wanafunzi na mafundi wa maabara wanaoshughulika na wadudu wa ukanda wa Ziwa Victoria. Jibu sahihi halianzi na jina. Linaanza na maswali mengine: kina nanomita ngapi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), kiko kwenye tishu ipi, na kimeonekana kwenye vipande vingapi?

Duara la namna hiyo linaweza kuwa mrija wa hewa. Linaweza kuwa tone la mafuta lililoyeyushwa na ethanoli likaacha shimo, chembe ya madini kwenye mirija ya Malpighi (ndiyo figo za mdudu), spora ya maikrosporidia (kimelea kidogo cha jamii ya kuvu), au mitokondria (kiwanda cha nishati cha seli) iliyovimba kwa sababu kiluwiluwi alikufa nusu saa kabla ya kutiwa dawa. Kwa mtu aliyejifunza seli kwa picha za ini na figo za panya, yote matano yanafanana. Hapo ndipo shida kubwa ilipo, kwa maoni yangu: vitabu vingi vya picha za seli vimejengwa juu ya panya, na mdudu ana vitu ambavyo panya hana kabisa. Hewa yake kwa kawaida haibebwi na damu, inaingia kwa mirija hadi ndani ya seli. Ngozi yake ni ganda. Anajivunjavunja mwenyewe ili awe pupa, hatua ya kati ya kiluwiluwi na mdudu kamili.

Kazi inaanza dimbwini

Picha mbaya nyingi huharibika kabla ya hadubini kuwashwa. Viluwiluwi wa Anopheles (mbu wa malaria) wanaochotwa kwenye majaruba ya mpunga ya Magu na Misungwi, mkoani Mwanza, au kwenye nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, wanatakiwa wawe hai hadi dakika ya kukatwa. Wabebe kwenye chombo kipana, maji yaleyale ya dimbwi, yasizidi nusu ya chombo, kivulini. Chupa ya plastiki iliyojazwa pomoni na kufungwa nyuma ya bodaboda saa saba mchana inachemsha wadudu, na mitokondria ndizo za kwanza kuonyesha: zinavimba, ndani yake panakuwa peupe, mikunjo ya utando inasukumwa pembeni. Baadaye mtu ataziita vakuli, yaani vifuko vya maji vya seli.

Kwa Chironomus wa kwenye tope la Ghuba ya Mwanza, wale wekundu kwa sababu wana hemoglobini kwenye damu yao, na kwa Chaoborus ambaye mwili wake unapitisha mwanga kama kioo (wote wawili ni wadudu wa ziwani wanaofanana na mbu), tatizo la ziada ni uchafu. Chironomus anakula tope, na tope lina mchanga na mwani wa diatomu wenye maganda ya silika. Silika haikatiki. Inang'oka kwenye resini (plastiki ngumu inayoishika tishu) na kuacha mpasuko, na mbaya zaidi inamega makali ya kisu cha almasi, ambacho bei yake kila maabara inaijua. Dawa yake ni kumweka mdudu kwenye maji safi kwa saa 12 hivi ili utumbo ujisafishe. Lakini njaa nayo inaandika alama zake: glaikojeni (akiba ya sukari) inapungua na seli zinaanza kula sehemu zake zenyewe. Kwa hiyo saa za njaa ziandikwe kwenye daftari. Anayesoma picha bila kujua kwamba mdudu alishinda njaa atadhani ameona ugonjwa.

Kuhusu dawa ya kukaza tishu, ganda la kiluwiluwi ndilo adui. Ukimtumbukiza mzima kwenye glutaraldehaidi, ataganda nje huku ndani akioza. Mkate kwa wembe mpya ndani ya tone la dawa yenyewe, toa kichwa, gawanya kifua na tumbo vipande visivyozidi milimita 1. Mchanganyiko wa kawaida ni glutaraldehaidi 2.5% katika bafa (kimiminika kinachotunza pH) ya 0.1 M, pH 7.2 hadi 7.4. Kupata mililita 10, chukua mililita 1 ya glutaraldehaidi ya 25%, mililita 5 za bafa ya 0.2 M na mililita 4 za maji yaliyotoneshwa. Acha saa 2 kwenye joto la chumba, au usiku mzima kwenye nyuzi 4. Ukiwa shambani, deli la barafu linatosha, ila chupa isigusane na barafu moja kwa moja. Kipande kikiganda kwa baridi, fuwele za barafu zinatoboa seli matundu yenye kona kali, na hakuna namna ya kurudisha.

Kisha osha kwa bafa mara tatu, osmiamu tetroksaidi 1% kwa saa 1, ethanoli 30, 50, 70 na 90 dakika 15 kila moja, 100% mara tatu, propilini oksaidi mara mbili, halafu resini. Hapa kwenye resini usifanye haraka. Tishu laini ya panya inakubali resini kwa saa chache. Kipande chenye ganda kinataka hatua za theluthi moja, nusu, theluthi mbili, na resini tupu siku nzima au mbili ukiibadilisha katikati. Kuoka ni nyuzi 60 kwa saa 48, na umeme ukikatika katikati, ongeza saa. Kizuizi (bonge la resini lenye tishu ndani) kilichobaki laini kikikatwa kinajikunja chini ya kisu. Mvuke wa osmiamu unaharibu macho, bafa ya kakodileti ina aseniki, na mabaki yake hayamwagwi kwenye sinki. Maji ya sinki za Mwanza yanajulikana yanaishia wapi.

Kipande kinene kabla ya chembamba

Kabla ya kukata vipande vya nanomita 70, kata kimoja cha maikromita 1 (nanomita 1,000), kipake toluidini ya bluu, kitazame kwa hadubini ya kawaida ya mwanga. Wengi wanaruka hatua hii ili kuokoa nusu saa, na ndiyo sababu baadaye hawajui wanatazama nini. Kile kipande kinene ndicho ramani: hapa ganda, hapa misuli, hapa tishu ya mafuta, hapa utumbo wa kati, hapa mirija ya Malpighi, ambayo kiluwiluwi wa mbu anayo mitano. Chora kwa penseli, tia alama sehemu utakayoibakiza, punguza uso wa kizuizi hadi hapo, ndipo ukate vyembamba. Kitu kilekile kinabadilika maana kulingana na mtaa kilipo. Chembe yenye tabaka kama kitunguu kwenye mirija ya Malpighi ni jambo la kawaida. Ikiwa kwenye neva, ni habari nyingine.

Kipimo

Picha iliyoandikwa chini yake "mara 20,000" haijasema kitu. Ukuzaji huo ulikuwa wa kweli kwenye kamera. Picha ikishapunguzwa kuingia kwenye simu au kukuzwa ukutani kwa projekta, namba hiyo imepoteza maana. Kinachobaki ni mstari wa kipimo uliochapwa ndani ya picha, kwa sababu unakua na kupungua pamoja nayo.

Fungua picha kwenye ImageJ (programu ya kupimia picha), fuatisha mstari wa kipimo, andika urefu wake halisi. Mstari wa nanomita 500 ukichukua pikseli 125, pikseli moja ni nanomita 4. Maikrotubuli (kijirija cha kiunzi cha seli) ya nanomita 24 itakuwa na pikseli 6. Utando wa nanomita 7 au 8 utakuwa na pikseli mbili tu, na kwa picha hiyo huwezi kubishana kama kitu kimezungukwa na utando mmoja au tando mbili zilizobanana. Rudi kwenye hadubini, piga picha ambayo pikseli moja ni nanomita 1 au chini ya hapo.

Mstari wenyewe nao huweza kukosewa, hasa hadubini isipokaguliwa kipimo chake baada ya matengenezo. Bahati nzuri seli ina rula zake. Maikrotubuli ni nanomita 24 hadi 25, ribosomu (chembe inayotengeneza protini) ni 20 hadi 25, tundu la kwenye ukuta wa kiini ni kama 100. Pima maikrotubuli kumi zilizokatwa kwa kukingama. Wastani ukija 40, kosa liko kwenye kipimo, na kila kitu ulichopima siku hiyo kirudiwe.

Halafu kuna suala la pembe ya kisu. Chukua muwa. Ukate kwa kukingama unapata duara, ukate mshazari unapata yai, upasue kwa urefu unapata mistari miwili inayokwenda sambamba. Muwa ni uleule. Mitokondria ya unene wa nanomita 500 inapita kwenye vipande saba hivi vya nanomita 70, na kila kipande kinaonyesha sura yake. Tufe nalo linadanganya kwa namna nyingine: kisu hakipiti katikati yake kila mara, kwa hiyo maduara mengi unayoyapima ni madogo kuliko kipenyo cha kweli; kwa wastani yanakuwa kama 79% yake. Pima thelathini au hamsini, uangalie makubwa kuliko yote. Ukipima matatu ukachukua wastani, utatangaza ukubwa usiokuwepo.

Vitu vya mdudu vinavyosumbua wengi

Trakeoli ndiyo inayoongoza. Ni ncha nyembamba kabisa ya mirija ya hewa, kipenyo chake kwa kawaida hakifiki maikromita 1, na inajipenyeza hadi ndani ya seli za misuli na za utumbo. Ikikatwa kwa kukingama unaona duara tupu ndani ya seli, lenye ukingo mweusi mkali na saitoplazimu nyembamba ya seli yake ikilizunguka. Hapo ndipo watu wanapoandika "kimelea". Tazama ule ukingo kwa karibu. Ndani ya mrija wa hewa kuna mikazo ya ganda inayozunguka kama skrubu, inaitwa tenidia. Wakulima wa mboga kandokando ya ziwa wanazo mashine za kuvuta maji, na bomba lake la kunyonyea lina uzi mgumu unaozunguka ili lisijibane. Trakea imeundwa kwa hila hiyohiyo. Likatwe bomba hilo kwa urefu, uzi unaonekana kama nukta zilizopangwa sawia kila upande; likatwe mshazari, unapata meno kama ya gia sehemu moja ya duara na ukingo laini sehemu nyingine. Ukiona nukta hizo au meno hayo, swali limekwisha. Usipoziona, tafuta kipande cha jirani kabla ya kuandika chochote.

Mirija ya Malpighi nayo ina mambo mawili. La kwanza ni zile chembe za madini zenye duara ndani ya duara. Zina fosfati na kalisi na metali nyingine, ni ngumu, na mara nyingi zinavunjika chini ya kisu zikaacha tundu lenye ukingo uliochanika. Ukitaka uhakika, kata kipande kisichopakwa rangi yoyote ukipime kwa uchambuzi wa elementi wa eksirei. Ukikipaka risasi na yuraniamu (metali za kukoleza picha) kwanza, mashine itakupa risasi na yuraniamu. La pili ni mitokondria iliyoingia ndani ya maikrovilai, vile vidole vidogo vya uso wa seli. Mwenye macho ya panya ataona kosa, lakini kwa mdudu ni sawa kabisa: kusukuma chumvi kunataka nguvu, na mitokondria inasogezwa hadi mlangoni. Viwavijeshi vamizi, walioingia Afrika mwaka 2016 na sasa wako kwenye mahindi ya kanda nzima, wanayo hali hiyo kwenye utumbo wa kati, katika seli zenye umbo la kikombe. Kikombe hicho kikikatwa wima kinaonekana kama shimo kubwa katikati ya seli lililojaa vidole, na ndani ya vidole mna mitokondria. Si jeraha.

Ngazi nyembamba kati ya seli mbili, pengo la nanomita 15 hadi 20 na vipandio vinavyorudiwa, ni kiungo cha kuziba cha wadudu. Kisu kikipita juu yake kwa ubapa, ngazi inageuka mawimbi au sega la nyuki. Basi.

Kwenye kiini cha seli za tezi ya mate ya Chironomus kuna mtego mzuri zaidi, na nautaja kwa sababu umewahi kuwapendeza watafiti wakubwa kwa miongo. Kromosomu zake ni nene, zenye mistari, kwa kuwa nyuzi nyingi zimelala pamoja bila kutengana. Mtaalamu wa Ufaransa, Balbiani, alizieleza mwaka 1881, na uvimbe mkubwa juu ya kromosomu hizo unaitwa kwa jina lake, pete za Balbiani. Pembeni ya pete hizo, na kutawanyika ndani ya kiini, utaona chembe za duara za nanomita 50, zinalingana kama zimetoka kiwandani. Zinalingana kiasi kwamba mtu anashawishika kusema virusi. Ni RNA iliyofungwa na protini, inasafiri kutoka kwenye jeni la protini ya mate. Ushahidi uko kwenye ukuta wa kiini: chembe ikifika kwenye tundu inajikunjua na kupita kama utepe mwembamba. Virusi havifanyi hivyo. Ukipata picha moja ya chembe iliyonaswa katikati ya tundu, umepata jibu bila kemikali yoyote ya ziada.

Tishu ya mafuta inabadilika kwa umri, na hapa ndipo hatua ya kiluwiluwi inapokuwa na uzito. Kijana ana matone ya mafuta (ya kijivu, hayana utando) na glaikojeni, chembe nyeusi zisizo na umbo moja, kubwa kidogo kuliko ribosomu na zilizokolea sana baada ya kupakwa risasi. Wa hatua ya nne, karibu na kuwa pupa, anajaa vifuko vya protini vyenye utando na mifuko yenye tando mbili iliyomeza mitokondria na retikulamu. Huko ni kujivunja kwa ajili ya kubadilika. Picha ileile kwa kiluwiluwi wa hatua ya pili ingekuwa dalili ya njaa, sumu au maambukizi.

Kabla ya kusema ugonjwa, chunguza mkono wako

Kipimo rahisi kuliko vyote: tazama sehemu ya resini isiyo na tishu. Nukta nyeusi zikiwepo hadi pale, hazitoki kwenye seli. Mara nyingi ni kabonati ya risasi, inayotokea sitrati ya risasi ikikutana na hewa tunayoipumua. Weka punje za sodiamu haidroksaidi kwenye kisahani unapopaka, funika, na usipumue juu ya matone. Sindano nyeusi zilizonyooka ni fuwele za yuraniamu. Vumbi laini kama pilipili manga kwenye tishu yote huja bafa ya fosfati ikibaki na kukutana na yuraniamu, kwa hiyo osha kwa maji katikati.

Mistari iliyonyooka inayokata kila kitu bila kujali seli ni mikwaruzo ya kisu. Mistari ya mawimbi iliyokingama upande wa pili, yenye nafasi sawa, ni mtetemo. Maduara yote yakiwa mayai yanayoelekea upande mmoja, kipande kimebanwa wakati wa kukatwa. Utando uliojikunja tabaka juu ya tabaka kama maganda ya kitunguu ndani ya saitoplazimu, bila mpangilio, mara nyingi ni mafuta ya utando yaliyohama wakati wa glutaraldehaidi, ambayo haiyashiki. Osmiamu ndiyo inayoyashika, na ikichelewa hali inazidi.

Ndani ya utumbo kuna mkanganyiko wa hapa kwetu. Ziwa linapogeuka kijani, viluwiluwi wanameza Microcystis na sianobakteria wenzake (bakteria wa kijani wa majini). Hizi zikikatwa zinaonyesha tando sambamba za usanisinuru na mashada ya vijirija vitupu vya gesi, upana wa nanomita 70 hivi, vilivyopangana kama sega la nyuki. Ukiviona vikiwa upande wa chakula, ndani ya ule utando unaozungushia chakula utumboni, ni mlo. Mahali kilipo ndipo panapoamua.

Yakibaki maswali, ndipo kimelea

Spora ya maikrosporidia ukishaielewa mara moja hutaikosa tena. Ina maikromita chache, umbo la yai. Ukuta una tabaka la nje jeusi na la ndani jeupe nene lenye kaitini, ambalo linakonda kwenye ncha moja. Ndani kuna mrija mrefu wa kurushia maambukizi, umejiviringa. Chukua kamba ya nyavu iliyoviringwa vizuri kama wavuvi wa Kirumba, Mwanza, wanavyoiweka, ipasue katikati kwa panga: utaona safu mbili za vidoti vya kamba, moja kila upande. Ndivyo spora inavyoonekana ikipasuliwa kwa urefu, vijiduara vyeusi vya nanomita 100 hivi vimepanga foleni chini ya ukuta pande zote mbili. Hesabu vijiduara vya upande mmoja, hiyo ni idadi ya mizunguko, na inasaidia kutenga aina. Kwenye Amblyospora, mmoja wa maikrosporidia, mizunguko ya mbele ni minene kuliko ya nyuma. Parathelohania, inayopatikana kwa Anopheles, huweka spora nane kwenye mfuko mmoja ndani ya tishu ya mafuta. Ukuta huo unazuia resini, hivyo spora nyingi zilizokomaa zinang'oka na kuacha tundu lenye umbo la yai. Safu ya matundu yanayolingana kwenye tishu ya mafuta ni sababu ya kutafuta spora changa pembeni yake, ambazo zinakatika vizuri.

Na kuiona siyo kusema mdudu anaumwa. Mwaka 2020 ilichapishwa habari ya Microsporidia MB kwa Anopheles arabiensis wa Kenya, wakiwemo wa Mbita, ng'ambo yetu kwenye ziwa hilihili: haionekani kumdhuru mbu, inarithishwa kutoka kwa mama, na mbu wenye nayo hawakukutwa na vimelea vya malaria. Kwa ukanda wetu hilo si jambo dogo, kwa hiyo spora kwenye picha ipelekwe kwenye PCR (kipimo cha kunakili DNA) ya jeni la ribosomu. Hadubini inasema ni maikrosporidia. Jina kamili linatoka kwenye jeni.

Bakteria wa ndani ya seli wanachanganywa na mitokondria. Wolbachia, aliye wa kawaida kwa Culex quinquefasciatus wa mashimo ya vyoo, hana mikunjo ya utando ndani. Ana ribosomu zake, nyuzi za DNA katikati palipofifia, na tabaka tatu za utando: mbili zake, moja ya mwenyeji. Kuhesabu tabaka tatu kunataka picha kali, ndiyo maana ya zile pikseli. Mtafute kwanza kwenye tezi za uzazi zinazochipua.

Kwa virusi, usawa wa ukubwa na mpangilio ndivyo vinavyotangulia. Chembe zenye umbo la pembe sita za nanomita 120 hadi 200 zilizopangana kwenye saitoplazimu zinaelekeza kwenye iridovirusi, na kiluwiluwi mwenyewe huwa anameta rangi ukimgeuza kwenye mwanga. Vijiti vilivyofungwa ndani ya fuwele za protini kwenye kiini ni bakulovirusi, maarufu kwa viwavijeshi. Chembe za nanomita 20 hadi 25 ndani ya kiini kilichovimba zinaweza kuwa densovirusi, lakini kiini-kidogo nacho kina chembe zinazokaribia ukubwa huo, kwa hiyo linganisha na kiluwiluwi mwenye afya wa dimbwi lilelile aliyeandaliwa siku ileile. Bila mlinganisho huo nisingeweka jina.

Unapoomba msaada wa macho mengine

Tuma picha tatu za sehemu moja: ya mara 2,000 inayoonyesha mtaa, ya 10,000 inayoonyesha seli, na ya 40,000 inayoonyesha kitu chenyewe. Ziwe TIFF kama zilivyotoka kwenye kamera. WhatsApp ikituma picha kama picha inaibana, na kinachopotea kwanza ndicho kile cha nanomita chache unachokiulizia. Tuma kama dokumenti. Ambatanisha aina ya mdudu, hatua yake, alikochotwa, saa alizokaa bila chakula, dawa na bafa, unene wa kipande, na kipande kinene cha bluu kikiwa na alama ya mahali ulipokata.

Kizuizi cha resini usikitupe. Kiandikie namba ileile ya kwenye daftari kwa karatasi iliyookwa ndani ya resini, si kwa kalamu juu ya mfuko, kwa sababu wino unafutika na unyevu wa masika. Kikiwa kwenye kisanduku kikavu kitakatika hata baada ya miaka mingi, na nanomita 70 chini ya uso wake, kile kitu ulichokiona bado kipo.